Mwacheni mwanangu na kofia yake

Mwanangu ana ualbino, hajafikisha miaka miwili, na kofia haitaki kabisa. Tukitoka tu mlangoni mkono uko kichwani: anaivuta, anaitupa chini, anakimbia. Nikimfunga kamba kidevuni anaitafuna mpaka inalowa, kisha anapenyeza kidole na kuivua tena. Huyo simlaumu, ni mtoto.

Wanaoniudhi ni wakubwa. Kituoni kwenye daladala hakosekani wa kuniambia, "Mvue kofia apate hewa, joto lote hili!" Wengine hawasubiri hata nijibu, wameshamvua wenyewe. Jamani! Ngozi yake haina melanini ya kutosha, ile rangi ya asili inayokinga ngozi na jua, jua la Dar es Salaam linamuunguza upesi mno. Saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni ndiyo hatari zaidi, na mawingu hayazuii miale yote. Watu wenye ualbino nchini mwetu wanakufa kwa saratani ya ngozi wangali vijana. Losheni ya kukinga jua tunapaka, ile Kilisun iliyoanzia hospitali ya KCMC kule Moshi ni msaada mkubwa, lakini haichukui nafasi ya kofia.

Na madukani nako ni kero. Kofia za watoto zimejaa, karibu zote kapelo zenye katuni: masikio nje, shingo nje, kamba hakuna. Ya ukingo mpana pande zote, kitambaa chepesi, saizi ya kichwa kidogo, utaizunguka Kariakoo mpaka miguu iume.

Mkimwona kaitupa, tafadhali iokoteni mumvalishe.