Bima kubwa haibebi pikipiki

Mbukwenyi! Jumapili jioni nimejikalia zangu Kisasa hapa Dodoma, sina hili wala lile, simu inalia. Ni dogo mmoja wa grupu letu la pikipiki anatangaza safari yake ya Victoria Falls, peke yake, anapitia Tunduma. Hongera zikamiminika. Mimi nikamuuliza kitu kimoja tu, pikipiki ikikufia Zambia inarudije? Akajibu, "Kaka usiwe na hofu, nimekata bima kubwa." Na watu wakagonga laiki. Watu wazima, wana familia, wana akili zao, wakagonga laiki.

Hilo neno "kubwa" ndo linatuponza jamani. Bima kubwa ni ya ajali, wizi, moto, basi. Ule mkataba uliotumiwa kwenye emaili na hukuufungua, ufungue leo, shuka mpaka kwenye mambo wasiyolipa, utakuta wameandika uchakavu na hitilafu ya mitambo au ya umeme. Sasa niambie, ukiacha ajali, kingine kinacholaza mtu porini ni nini kama sio hayo hayo? Afu angalia mipaka ya nchi, mara nyingi inaishia Tanzania, ukitaka kuvuka unaomba waongeze na unalipia. Hela ya kuvutwa ipo, sikatai, ila ni baada ya ajali na ina kikomo chake. Yaani ukitaka bredauni ya bima inabidi kwanza ukagonge mti.

Na mimi mwaka juzi nilitamani kuugonga huo mti.

Ilikuwa mwezi wa nane, narudi kutoka Lusaka, nimeshapita Chinsali natafuta Isoka. Taa ya mbele ikaanza kufifia kama mshumaa, dashibodi ikacheza disko kidogo, injini ikakohoa mara mbili, kimya. Nikavua siti. Soketi ya waya zinazotoka kwenye steta, ile koili ya kuzalisha umeme ndani ya injini, sio stata ya kuwashia, imeyeyuka, plastiki imekuwa kama ubani uliochomwa, rektifaya, kile kifaa kinachonyoosha umeme uende kuchaji betri, ukiigusa inakuunguza, betri haina kitu. Pikipiki ya cc 650, kilo karibu 200 bila mabegi, huwezi kuisukuma kama Boxer ya mtu wa Sabasaba hapo. Jua la saa nane. Nikapiga simu kwa watu wangu wa bima, siwataji, wenyewe wanajijua.

"Umepata ajali kaka?"
"Hapana dada, imezima tu."
"Kwa hiyo hujapata ajali."
"Sijapata."
"Tumshukuru Mungu basi, pole sana."

Dakika tano mbele ikaingia meseji, wananiomba niwape nyota kwa huduma niliyopokea.

Sasa hapa ndo nafika kwenye kile kinachonikera zaidi ya bima yenyewe, ile kauli kwamba "sisi Waafrika hatuhitaji mambo ya Wazungu, ukikwama barabarani watu watakusaidia". Imeandikwa tena Jumapili hiyo hiyo chini ya maneno ya dogo. Mimi watu walinisaidia, na ndo maana nasema haitoshi. Ile barabara ni ya malori ya Kitanzania mwanzo mwisho, nilisimamisha nane na yote yalisimama, sio utani. La kwanza limebeba shaba linaenda Dar, dereva ni mtu wa Makambako, akashuka, akanipa maji na chapati, akaizunguka pikipiki, akatikisa kichwa. Mdogo wangu, akaniambia, huu mzigo ni wa transiti, una lakiri na bosi ananiona kwenye jipiesi nikisimama hata kukojoa, nikikupakia mpakani nitaeleza nini? La pili tenka linarudi tupu, tupu kabisa, ila pikipiki utaiweka wapi kwenye tenka, unaipandisha kwenye pipa? Utingo wake ndo aliyeniuliza kama nina mke, nadhani alikuwa anapanga atampigia nani. Ikawa hivyo mpaka jua linaelekea kuzama, huruma ninayo ya kujaza fuso, ila hakuna hata mmoja mwenye mahali pa kuiweka pikipiki. Roho nzuri haina mkanda wa kufungia mzigo. Na huwezi kuipigia roho nzuri kuiuliza umefika wapi.

Aliyenibeba ni kijana wa kenta ya makabichi, anaongea Kiswahili cha Nakonde, upande wa Zambia ukivuka Tunduma, kila nikiongea ananijibu "ee mukwai", yaani ndiyo mkuu. Laki nne na nusu kwa hela yetu, na sikubisha maana giza lilikuwa linaingia. Hakuna ngazi ya kupandishia, tukaisogeza kwenye kingo ya barabara ili bodi ya kenta ikae usawa, tukasukuma wanne, tairi la mbele likapanda, la nyuma likateleza, ikalala upande wa kulia. Wenzo wa breki ya mbele ukakatika tk! Afu wakaifunga kwa kamba ya katani kwenye mkono mmoja na kwenye indiketa, INDIKETA, nikawaomba nifunge mwenyewe. Pikipiki unaivuta chini kutokea kwenye nguzo za shokapu za mbele, pande zote mbili, mpaka shokapu zibonyee kidogo, unaweka gia ya kwanza, na stendi ya pembeni usiitegemee maana kila shimo linaipiga nyundo. Hili hata bredauni nyingi za Dodoma hazijui, zimezoea kunyanyua pua ya Noah kwa ndoano, ukiwaambia pikipiki wanakuja na ndoano hiyo hiyo.

Mnadhani iliishia hapo? Pikipiki ya kigeni inaingia Zambia kwa kibali cha forodha cha muda, kina tarehe ya mwisho. Ndo kitu dogo hajakijua. Ukiharibikiwa huwezi kuiacha kwa fundi ukapanda basi ukarudi nayo ukijaliwa, ile tarehe ikipita chombo kinahesabika umekiingiza moja kwa moja, na ushuru wake ni wa kukulaza macho. Kwa hiyo bredauni ya kukupeleka gereji ya karibu ni nusu ya shida, na ni ile nusu ndogo. Shida kubwa ni nani anakurudishia chombo nyumbani. Mimi niliisukuma kwa miguu pale mpakani, saa tatu asubuhi, katikati ya foleni ya malori, breki ya mbele hakuna, afisa wa forodha ananitazama kama namletea jeneza. Akagonga muhuri. Alikuwa mtu mwema.

Haya, kadi ya njano. Mtu ataniambia COMESA Yellow Card, ile bima ya kuvukia mipaka ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania tupo japo COMESA yenyewe tulitoka mwaka 2000. Nakubali, bila hiyo mpakani huvuki kwa amani, inamlipa uliyemgonga na inasaidia matibabu ya haraka ya kwako pia. Ibebeni. Ila rektifaya haimjui COMESA.

Niliporudi nikashikwa na hasira ya kusoma, nikawa nasoma mikataba ya Wazungu usiku mpaka mke wangu akauliza kama tunahamia. Kwao kuna kitu kinauzwa peke yake, ukiharibikiwa nje ya nchi wanakuja, wanakufikisha gereji, wakishindwa kutengeneza wanakulaza hotelini na pikipiki wanairudisha nyumbani. Sio malaika nao. Kuna ukomo wa umri wa pikipiki, kuna ukomo wa siku za safari, na gharama ya kuirudisha ikizidi thamani yake wengi wanakwambia iache huko huko. Ufaransa ukikwama kwenye barabara zile za kulipia huruhusiwi kuita watu wako, unatumia simu ya rangi ya chungwa ya pembeni ya barabara, anakuja mvutaji aliyeidhinishwa kwa bei iliyopangwa na serikali, afu kampuni yako utaidai baadae. Na nyingi zinaishia Ulaya, Mjerumani akiharibikiwa Kondoa ni yatima kama mimi.

Ila kuna kitu kimoja kilinifanya niweke simu chini kabisa. ADAC ya Ujerumani, chama cha wenye magari kinachokuja kukuokoa ukikwama barabarani, yenye wanachama zaidi ya milioni 20, wana mpaka helikopta, mwaka 1903 pale Stuttgart ilianza kama chama cha waendesha pikipiki. Pikipiki! Jina la magari walijipa 1911. Sasa sisi hapa Dodoma vijiwe vya bodaboda vina michango ya misiba, mwenzao akifa jeneza na basi vinapatikana kabla ya jioni, kwa hiyo msiniambie hatuwezi kuchangishana. Grupu letu lina watu 60 na kitu, elfu kumi kumi kwa mwezi, kuna mwenye kirikuu, tunanunua mikanda minne na ngazi ya chuma ya kukunja, tunaandika namba za wenye kenta wa mipakani, Nakonde, Kasumulu na Namanga, tuliokwisha kuwajua. Nimeliandika hili kwenye grupu mara tatu. Mara ya tatu mtu akanijibu kwa stika ya mbuzi anacheka.

Dogo nimemtumia picha ya ule ukurasa wa mambo wasiyolipa, nimezungushia mstari mwekundu. Nikamwambia pia anunue rektifaya ya akiba na aibebe kwenye begi la tenki, sio kwenye begi la nyuma chini ya hema kama nilivyofanya mimi na tochi ya betri. Jana kanijibu kwamba wakala wake kasema anaulizia makao makuu. Safari ni tarehe 12.

Wenzo mpya wa breki sijapata mpaka leo, natumia wa Boxer, fundi wa Majengo kausaga na jiwe ukaingia.