Mkija Nyumbani, Kaeni Kitako

Krismasi hii jamaa zetu wa Dar waliingia uani kwa babu, Muheza, saa saba mchana. Saa tisa haijatimia walikuwa wameshaondoka. Walileta mchele, mafuta, kitenge cha bibi na shati la babu, Mungu awazidishie. Shikamoo zikatolewa mlangoni, pilau ikaliwa, picha zikapigwa chini ya mwembe, babu akihamishwa kiti mara huku mara kule kufuata kivuli. Alipopata pa kutulia akaanza habari za korona, kiwanda cha kuchakata mkonge: "Sisi wakati ule, pale korona..." Mmoja akamkata: "Babu, hiyo ulishatusimulia." Watu wakacheka, wakaagana, wakawahi Korogwe kwenye nyumba nyingine.

Iliniuma, na bado inaniuma. Nayasema haya sasa, Mwaka Mpya haujaingia, kwa sababu wiki hii tutakwenda tena majumbani mwa watu.

Babu hajasahau kwamba alishasimulia. Anajua vizuri sana. Anairudia kwa kuwa kila mwaka tunamkatisha pale pale, kwenye korona, na hakuna anayemuuliza swali la pili. La kwanza tunaliuliza wote: hujambo, hali yako, miguu inaendeleaje. Jibu lake tunalijua kabla hajafungua kinywa. Swali la pili ndilo linaloonyesha kwamba la kwanza ulisikiliza jibu lake.

Gari lilipoondoka nikavuta mkeka. Nikamuuliza: babu, pale korona ulikuwa unafanya nini hasa? Mzee akanitazama, akasogeza fimbo yake pembeni, akaanza. Tulipita magharibi, tukala kiporo cha pilau, bado anasimulia. Alianza kijana mdogo akikata mkonge mashamba ya upande wa Ngomeni, kisha akahamishiwa kwenye mashine. Kelele zile zilikuwa kubwa hata usiku akilala masikio yalikuwa yakivuma. Maji ya mkonge yaliwawasha mikono mpaka wakajikuna damu. Akanieleza habari za manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Kigoma, Iringa na hadi Msumbiji, ngoma zao za Jumamosi jioni, na namna alivyojifunza kucheza pamoja nao. Alikuwa na rafiki Mmakonde waliyekuwa wakigawana posho. Rafiki yule hakurudi kwao, alifia huku huku, na babu alikuwa miongoni mwa waliomzika.

Halafu akataja jina la rafiki yule. Ni jina la baba yetu mdogo. Si jina la Kibondei, na miaka yote sisi tulidhani ni la kanisani, mtu alilitoa kwenye Biblia. Baba mdogo mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa hajui jina lake limetoka wapi. Nilipompigia simu usiku ule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kesho anakuja.

Habari za mkonge zimeandikwa. Ukitaka utasoma kwamba Richard Hindorf, Mjerumani, aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikafika Tanga ikiwa hai, na kwamba kufikia mwaka 1964 tulikuwa tukitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Zimo vitabuni, zitatungoja. Ya babu yamo kichwani mwa mzee wa miaka themanini na kitu, naye anayatoa kwa anayeuliza tu.

Najua likizo ni fupi. Najua nauli ya Desemba, na mabasi ya Moshi na Arusha yanavyojaza barabara mpaka Segera. Na simu, haya, nitaikubalia moja: shangazi yangu wa Ngamiani ana wanawe wawili Maskati, na pasipo simu asingewaona sura mwaka mzima. Lakini mtu aliyesafiri kilomita mia tatu kumfuata bibi yake, halafu akatumia ule muda kuwaonyesha walioko mbali kwamba yuko kwa bibi, bibi kapata nini? Kama muda ni mchache, nendeni nyumba moja mkae siku nzima. Hizo nyingine zipigieni simu, mwakani ni zamu yao. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa mgeni aliyeacha gari linaunguruma nje.

Upande wa mama sisi ni Waislamu, na Idi nayo imeanza kwenda hivyo hivyo. Watoto ndio waliobaki wakizunguka nyumba kwa nyumba kwa utulivu, wanakaa, wanakula, wanasubiri sikukuu yao mkononi. Wakubwa tunapita tu.

Na jikoni nani anaingia? Akina mama wameamka alfajiri, wamechambua mchele, wamekuna nazi, wamekaa kwenye moshi na joto hili la kaskazi, na sikukuu imewapita wakiwa wamesimama. Usiende kuwaambia "poleni na kazi" kutoka mlangoni. Kalia mbuzi, kuna nazi. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka yenyewe. Ni hapo jikoni wifi yangu aliponiambia anaumwa presha na hajamwambia mumewe. Sebuleni, mbele ya wageni, angenijibu "sijambo" kama anavyowajibu wote.

Kuna na nyumba zenye sikukuu ya kwanza bila mtu wao. Tunaingia huko tukizungumzia mvua na bei ya sukari, tunaogopa kumtaja marehemu tusije tukaharibu furaha. Furaha ipi? Wenyewe tangu asubuhi hawana wanachokiwaza zaidi ya yeye. Mtajeni kwa jina. Waulizeni alipenda kula nini siku kama ile, alikuwa anakaa wapi. Wakilia, kaeni nao walie.

Mwaka Mpya nitakuwa Makorora kwa mama mmoja aliyefiwa na mumewe mwezi wa kumi. Nimemwambia nakuja asubuhi, tutapika pamoja. Akaniuliza nitaondoka saa ngapi, ili ajue chakula akiwahishe vipi. Nimemjibu nalala.