Hongera kwa ku-nini??

Jamani najua klipu mshaiona, yule rafiki yangu (anajijua) kaisambaza hata keki haijakatwa, na anadai eti nilifanya makusudi. Sasa tulieni niwape yenyewe.

Binamu yangu kamaliza chuo, mimi nikapewa kazi ya kideo cha kumpongeza. Nikasema hiki kidogo tu, nina templeti yangu ya harusi, maandishi yanatokea herufi moja moja kama ya taipureta, tik tik tik, na kale kamstari kanakopepesa mwishoni. Nikafuta HONGERA KWA NDOA nikaandika HONGERA KWA KUFAULU, picha yake na joho chini, kinanda cha taratibu nyuma, kazi imeisha.

Ila kwenye priviu maandishi yakawa yanakwama kabla hayajaisha. Nikafuta kashe, wapi. Nikazima programu nikawasha, wapi. Nikabadili fonti nikidhani ile ya kwanza haina herufi U (ndiyo, na U nyingine ipo palepale kwenye KUFA naiona, msinicheke, ilikuwa usiku wa manane). Nikaamua ni laptopu imechoka, ikirendwa (yaani ikitolewa iwe video kamili) itanyooka yenyewe. Nikarenda, nikatuma, nikalala fofofo.

Ukumbini sasa. Taa zikazimwa, projekta ikawaka. HONGERA, tik tik, watu wanapiga makofi. KWA, mama yake mkubwa kainua simu anarekodi. K. U. Mimi nishaanza kusikia jasho mgongoni. F. A.

Kimya.

Kamstari kanapepesa. Kanapepesa tena. Ukuta mzima HONGERA KWA KUFA, chini yake binamu na joho lake anatabasamu meno yote nje, na kile kinanda nilichokiona kitamu sasa kinalia kimsiba kabisa. Nikawa naisukuma ile U kwa macho, toka basi, toka mama, haitoki. Shangazi mstari wa mbele akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, halafu akageuka akauliza, "Kafa nani?" Mzee mmoja nyuma akavua kofia. Naapa, akavua kofia. Na marehemu mwenyewe kakaa meza kuu ananiangalia.

Mengine yalienda haraka, nikachomoa waya, nikajifungia stoo na laptopu, na tatizo nikaliona papo hapo: selekta ya ile animesheni (kile kinachoamua herufi zipi zitokee) ilikuwa inahesabu kwa namba ya herufi badala ya asilimia, na alama ya mwisho iko 16. HONGERA KWA NDOA, hesabuni na nafasi zake, ni 16 kamili. KUFAULU inafikisha 19, kwa hiyo ULU yote imebaki gizani. Nikaweka asilimia, 0 mpaka 100, ikatoka yote kwa adabu.

Iliyorekebishwa nimeituma kwenye grupu la ukoo, hakuna aliyeifungua. Binamu kanisevu kwenye simu yake "Israili".

Na msinionee huruma, nishapata kazi nyingine ya mahafali. Safari hii naandika HONGERA KWA KUHITIMU, nishapiga hesabu kabisa, hata ikikatika kwenye 16 inabaki KUHI, haina maana yoyote.