Waheloti 35,000 tusiowataja

Mwaka 425 KK, askari 420 wenye ngao wa Sparta, dola-mji la Ugiriki ya kale, walikwama kisiwani Sphacteria pamoja na watumwa wao, Waheloti, manowari za adui yao Athens zikiwazunguka mchana na usiku. Sparta ikatangaza: Mheloti atakayefikisha chakula kisiwani atapewa uhuru. Watu wakajitosa. Wengine walingoja upepo mkali wa usiku, wakasukuma mashua hadi zikagonga mwamba. Wengine walipiga mbizi, kila mmoja akivuta kwa kamba kiriba chenye mbegu za popi zilizochanganywa na asali, na mbegu za kitani zilizopondwa. Ni Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki wa wakati huo, anayesimulia haya, na kila nikiyasoma naiona ile kamba mkononi mwa mtu aliye chini ya maji gizani.

Waheloti walikuwa watu wa Laconia na Messenia waliotiwa utumwani na Sparta kwenye ardhi ya babu zao. Walilima, bwana akala. Vita ikija, walifuata jeshini.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyolisimulia jeshi hilo. Plataea, mwaka 479 KK, ndipo Waajemi waliposhindwa nchi kavu, na sifa zote tunawapa Wasparta 5,000. Lakini Herodotus mwenyewe, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika habari za vita hiyo, anasema kila Msparta alikuwa na Waheloti 7, wote wamejiandaa kwa vita. Piga hesabu: 35,000. Wapo wanaosema ametia chumvi. Haya, punguza robo tatu nzima. Bado Waheloti wanawazidi mabwana zao. Wapo pia wanaosema walikuwa wapagazi tu. Mimi sikubali. Askari wepesi wa Ugiriki hawakuwa na deraya. Walipigana kwa mikuki ya kurusha, kombeo, hata mawe ya kuokota. Silaha ya kimaskini haimwondoi mtu kwenye hesabu ya wapiganaji.

Na Thermopylae? Tunaimba Wasparta 300 waliokufa pale wakiwazuia Waajemi mwaka 480 KK, lakini miongoni mwa maiti waliolala pale walikuwamo Waheloti.

Sparta yenyewe ilijua thamani yao, na ndiyo maana iliwaogopa. Mwanafalsafa Aristotle aliandika kwamba kila mwaka maefori, viongozi wakuu wa mji, walipoingia madarakani waliwatangazia Waheloti vita, ili kumuua mmoja wao kusihesabiwe dhambi. Kisha kuna kisa ambacho huwa nashindwa kukipita haraka. Waheloti waliambiwa wajitokeze wale wanaojiona wamepigana vizuri kuliko wenzao, waachwe huru. Wakachaguliwa kama 2,000. Wakavishwa mataji, wakazungushwa mahekaluni kwa furaha. Baada ya muda mfupi hawakuonekana tena, wala hakuna aliyejua kila mmoja aliuawaje. Waliojitokeza kuomba haki yao ndio walioonekana hatari zaidi.

Ajabu ni kwamba mwaka 424 KK Sparta hiyohiyo iliwapa Waheloti 700 silaha nzito na kuwapeleka kaskazini, Thrace, chini ya jenerali wake Brasidas. Walipigana, wakarudi, safari hii wakapewa uhuru kweli.

Kwa hiyo anayefundisha au kuandika kuhusu Plataea, nataka aanze na makaburi. Herodotus anasema Wasparta walichimba matatu. Mawili walizika watu wao. La tatu lilikuwa la Waheloti, na hakutaja jina hata moja.