Masini Yangu Haijafa, Ni Ninyi Mnaoizika

Hapa Lubumbashi ukitaka kujua idadi ya mafundi wa kompyuta, sema tu kwa sauti: "Masini yangu inachelewa." Utawaona. Muuza vocha anageuka fundi. Dereva wa teksi anashusha kioo. Shemasi wa parokia, mtu wa heshima zake, anakuvuta pembeni baada ya misa na kukunong'oneza: "Papa, ongeza RAM."

Mimi nachora plani za nyumba pale Katuba, napiga fotokopi, natoa picha za pasipoti. Kazi yote inapita kwenye HP Z420, sanduku zito la mwaka 2012, mtumba uliotoka ofisi ya watu wa mgodi. Ndani kuna prosesa, ule ubongo wa masini, Xeon E5-1620, viini 4, gigahezi 3.6. Kulihamisha kunataka kijana aliyeshiba bukari, ugali wa kwetu. Ni masini ya kazi ile, si ya kuangalia sinema za ndoa.

Basi RAM, ile kumbukumbu ya muda masini inapofanyia kazi. Ubao wa ndani una nafasi 8 za kuichomeka, mpwa wangu akaziona zile zilizo tupu, zikamnyima usingizi. Akaja na vipande viwili vya bei ya chini: "Tonton, hizi zimetoka kwenye seva, nguvu tupu!" Tukachomeka, tukawasha. Taa ya mbele ikawa nyekundu, masini ikalia mara tano, ikanyamaza, ikalia tena tano. Mtoto wa jirani akaanza kucheza. Kumbe zile za seva zina kichipi cha ziada katikati na zangu hazina, na aina hizo mbili hazichanganywi. Muuzaji alijua? Alijua. Alisema? Alihesabu makuta akafunga duka.

Tukapata zinazofanana. BIOS, ile programu ya kwanza kuamka masini ikiwashwa, ikahesabu gigabaiti 16, nikatabasamu. Windows ikafunguka, ikasema itatumia 3 na kidogo. Yule aliyeniuzia sanduku alikuwa ameweka Windows ya biti 32, ambayo haivuki gigabaiti 4 hata uijazie gunia. RAM iliyobaki imekaa mle ndani haina kazi, na imelipiwa!

Mjini nikakutana na mwingine, huyu ana tai. "Mukubwa, RAM ni kitu kidogo. Badilisha prosesa, weka ya v2, toleo la pili, ziko mpaka za viini 12." Viini 12! Nilianza kumpenda. Ila kwenye Z420 kuna tarehe imeandikwa ndani ya BIOS, ya ile bloku ya kuwashia. Ikiwa ni ya 2013, prosesa za v2 zinapokelewa. Ikiwa ni ya 2011, hazipokelewi, wala kusasisha BIOS hakubadilishi kitu. Yangu ni ya 2011. Hata masini sasa inaulizwa tarehe ya kuzaliwa kama kijana anayeomba kazi mgodini! Nilipomweleza, mwenye tai hakuyumba: "Basi, nunua ubao mwingine."

Ndiyo hasira yangu hapo. Hakuna shauri linalokuja peke yake. Ukikubali kadi ya picha kubwa, kadi inadai pawasaplai kubwa ya kuilisha umeme; pawasaplai ya Z420 ina umbo lake, zile za kawaida za sokoni haziingii. Ukikubali Windows 11, inadai TPM 2.0, kichipi cha usalama, na prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha 8. Yangu ina TPM 1.2. Windows 10 nayo iliachiwa mkono na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na haikosi kunikumbusha, hasa mteja akiwa amesimama nyuma yangu. Mpwa akasema, "Tonton, weka Linux badala ya Windows, ni bure." Nikamuuliza AutoCAD, programu ninayochorea plani, itafunguka? Akapokea simu ambayo haikulia.

Na wote hao hawagusi suala la umeme. Prosesa peke yake inaruhusiwa kula hadi wati 130. Umeme ukikatika, jirani yangu anaendelea na laptopu yake kwenye betri ya sola hadi usiku, anapiga mluzi. Mimi nikiunganisha Z420 kwenye betri hiyohiyo, mke wake anatoka kuuliza nani amezima friji.

Aliyenisaidia ni mama mmoja anayeuza vipuri soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na meza yake nusu ni chaja za simu. Hakunipa shauri. Aliuliza tu: "Papa, diski yako ni ile ya kuzunguka? Umeshaifungua ndani?"

Nikafungua. Z420 haitaki bisibisi, unavuta kishikio, ubavu unatoka. Vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limejaa kati ya mapezi ya kipoozea, limegandamana hadi nikalibandua kwa ukucha, kipande kizima, kimeshika umbo la mapezi. Chini ya feni, mjusi mkavu, mkia umenyooka. Sijui aliingilia wapi. Mpwa akampiga picha.

Mama akaniwekea SSD ya SATA, diski isiyozunguka, mahali pa diski ya zamani, akaweka Windows 10 ya biti 64, akanipa pasta ya kupooza prosesa kwa bei ya soda. Gigabaiti 16 zote zikaamka. Sasa nikibonyeza, plani inafunguka kabla sijavuta kiti.

Mnadhani nimepona? Zamani mteja akifika namwambia masini inawaza. Anakaa. Anakumbuka cheti cha mtoto, anapiga fotokopi. Ananunua maji kwa mke wangu. Plani ikitoka, ameshaniona natoa jasho, analipa dola kumi na asante juu. Jana mmoja amekuja kubadilisha dirisha kwenye plani yake. Nimefungua, nimesogeza, nimechapa, hata hajapata nafasi ya kukaa. Nikamwambia dola kumi. Akanitazama, akatazama sanduku.

"Dola kumi ya nini, papa? Masini njo inatumika kazi, weye uko naangalia tu."