Bila ada, ila njoo na hela ya karatasi

Inakera kuona mtoto wa darasa la saba wa Magomeni, hapa Mtwara mjini, anarudishwa nyumbani asubuhi kwa sababu hajalipa hela ya mtihani wa majaribio. Ada ilifutwa, ndiyo. Lakini ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu. Zinabaki 6,000, yaani 500 kwa mwezi: chaki, ukarabati, mitihani, vyote humo.

Sasa hesabu. Masomo sita, kila mtihani karatasi mbili, watoto 90: karatasi 1,080. Rimu ina 500, kwa hiyo rimu mbili hazitoshi, na wino bado. Mwalimu mkuu atafanyaje? Anapitisha mchango. Shule ya wazazi wenye mishahara inaziba pengo kwa siku moja. Ya wachuuzi wa samaki haiwezi, na huku mjini si kila mzazi ana mikorosho ya kusubiri msimu.

Ruzuku ya kiasi kilekile kwa kila mwanafunzi haitendi haki. Shule za msingi zilizo kwenye kata maskini ziongezewe, halmashauri ichapishe mitihani kwa mapato yake, na mtoto asiguswe kwa deni la mzazi.