Sanduku la maabara halifundishi lenyewe

Sisi tulio ughaibuni tuna ugonjwa wa kusifia maabara za huku: hadubini kila meza, gesi ya bomba, vifaa vya jaribio ndani ya sanduku pamoja na maelekezo. Sawa. Lakini mwanafunzi anayefungua sanduku ambalo kila kitu kimeshapimwa hapishani sana na yule wa nyumbani anayemtazama mwalimu akionyesha mbele ya darasa, kisha ananakili jibu la "bluu-nyeusi" kutoka ubaoni. Wote wawili hawajaamua lolote.

Chukua jaribio la wanga kwenye jani. Mmea hukaa gizani saa 48 ili umalize wanga wake. Ziba sehemu ya jani kwa karatasi ya alumini, juu na chini, bana kwa klipu, weka juani saa 5 au 6. Chuma, chemsha majini dakika moja, zima moto. Ndipo jani liingie kwenye testityubu ya spiriti iliyosimama ndani ya maji ya moto. Mvuke wa spiriti hudaka moto haraka, hivyo miali isiwepo karibu. Likishapauka hukauka na kuvunjika ovyo, kwa hiyo lichovye maji ya uvuguvugu kabla ya kulitonea iodini, ambayo hugeuka bluu-nyeusi penye wanga na kubaki hudhurungi pasipo wanga.

Jani lote limegeuka bluu-nyeusi, hata palipozibwa? Hapo ndipo somo lilipo. Giza halikutosha, au mwanga ulipenya pembeni mwa karatasi. Limebaki hudhurungi lote? Pengine halikuchemshwa, iodini ikashindwa kupenya. Au mmea ni wa jamii ya kitunguu, ambayo majani yake huweka sukari badala ya wanga (kosa hili nalipenda kuliko yote). Mwache mwanafunzi abishane na jani, arudie akibadilisha kitu kimoja tu.

Tena huku msimu wa baridi mwanga ni hafifu, inabidi kutumia taa, nayo ikisogezwa karibu mno hunyausha jani. Nyumbani jua lipo bure. Kinachokosekana ni muda na ruhusa ya kukosea. Kipindi kikiwa cha dakika 40, ligawe jaribio: leo majani yachemshwe na kulowekwa kwenye spiriti baridi, chombo kifunikwe mpaka kesho. Yatapauka taratibu bila moto, na dakika za kesho zote zitabaki za iodini na ubishi.